Tamthilia Mpya Ipimwe kwa Kumbukumbu Yake

Ukikaa na watu wanaotengeneza tamthilia, au hata na wanaozitazama tu, hutakawia kusikia kwamba mtazamaji wa siku hizi hana subira. Ushahidi wao uko mkononi: simu. Tamthilia fupi zilizoanzia China, zenye sehemu za dakika moja au mbili zinazofika sitini, themanini, hata mia, zimejaa mitandaoni. Wapo wanaotazama kwa kasi ya moja na nusu, jambo ambalo Netflix iliwaruhusu watumiaji wa simu kuanzia mwaka 2020. Wapo wanaotosheka na kipande cha dakika kumi kinachosimulia msimu mzima. Kutokana na hayo imezaliwa kanuni inayotolewa sasa kama ushauri wa busara: tamthilia mpya isipokushika sehemu ya kwanza, iache, mbele kuna nyingine mia. Watengenezaji nao wameipokea kanuni hiyo kama amri, ndiyo maana tamthilia nyingi mpya zinafungua kwa ajali, kwa fumanizi au kwa maiti, hata pale ambapo hadithi yenyewe ni ya ndugu wawili wanaogombea shamba la baba yao.

Mimi naona wenye kauli hiyo wameiona homa, ugonjwa wenyewe hawajaujua. Watu haohao wanaoambiwa hawana subira ndio walioifuata Isidingo kwenye ITV mwaka hadi mwaka. Ndio waliokaa na Papa Shirandula kwenye Citizen TV tangu 2007 hadi 2020. Ndio leo wanaowahi kurudi nyumbani ili Huba au Jua Kali isiwapite. Mtu anayeweza kukueleza bila kusita kwamba bwana fulani alizaa nje ya ndoa miezi minane iliyopita, na kwamba mkewe bado hajui, huyo ana subira kuliko mvuvi. Kilichomwishia ni imani kwamba mwandishi naye anakumbuka. Ndiyo maana nasema kwamba kwenye tamthilia mpya, "imenishika?" ni swali dhaifu mno la kuamulia uendelee au uache. La maana ni kama tamthilia inajikumbuka: je, jambo lililotokea wiki iliyopita bado limetokea wiki hii?

Nililijifunza swali hili kwa shangazi yangu wa Tanga, ambaye katika maisha yake sijawahi kumsikia akisema tamthilia fulani ni mbaya. Alikuwa akifuata moja ya kila siku, na katika wiki zake za mwanzo kulikuwa na tukio lililomkaa moyoni: dada wa kazi amesimama nyuma ya pazia, sinia la chai mkononi, na chumbani bwana mwenye nyumba anakiri kwenye simu kwamba hati ya nyumba ameighushi. Kamera ikashuka kwenye vikombe, vinagongana kidogo kidogo kwa sababu mikono inatetemeka. Shangazi akasema, "Huyu msichana ndiye atakayeiangusha hii nyumba." Akangoja. Wiki ya kwanza msichana hakuonekana, ya pili vilevile. Wiki ya nne familia ile ikawa na dada wa kazi mwingine kabisa, na hakuna aliyeuliza wa kwanza kaenda wapi. Jioni moja shangazi aliuliza kwa sauti ya kawaida, "Hivi yule msichana wa chai wamempeleka wapi?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Tangu siku hiyo saa ile ikifika anachambua mchele wake, na televisheni iwe imewashwa au imezimwa, kwake ni sawa.

Kwa nini tamthilia husahau? Nyingi ya sababu hazitokani na uvivu wa mtu yeyote, na mtazamaji akizijua ataamua kwa haki zaidi. Tamthilia ya kila siku, Jumatatu hadi Ijumaa, inahitaji sehemu 260 kwa mwaka. Hakuna mwandishi mmoja anayeweza kuzibeba. Inabidi wagawane, huyu sehemu hizi, yule zile. Upigaji picha nao haufuati mpangilio wa hadithi. Wakiingia kwenye nyumba waliyoikodi, wanapiga matukio yote ya sebuleni ya sehemu nyingi kwa siku moja, mwigizaji akibadilisha gauni mara tano: asubuhi analia msiba, mchana anacheka harusi ambayo kwenye hadithi ilitangulia msiba ule. Mwigizaji akipata kazi penye malipo mazuri zaidi, anaondoka na siri zote za mhusika wake. Anayesimamia mwendelezo, yaani kujua nani alivaa nini na nani anajua nini, ni mtu mmoja mwenye daftari. Bajeti ikibana, daftari lile linakuwa la kwanza kukosa mwenyewe, kwa kuwa kukosekana kwake hakuonekani siku ya kupiga picha. Kunaonekana wiki ya nne, machoni pa shangazi.

Aina nyingine za tamthilia zina matatizo yake. Za Kituruki, ambazo Azam TV ilituzoesha kuzitazama kwa sauti za Kiswahili, kwao zimetengenezwa kwa sehemu ndefu mno, nyingi zikizidi saa mbili kila moja, moja kwa wiki. Zinapouzwa nje hukatwa vipande vya dakika arobaini na kitu. Ile ya Sultan Suleiman na Hurrem ilikuwa na sehemu 139 kwao, na kila moja ikazaa vipande kadhaa. Ndiyo maana mara nyingine tamthilia ya Kituruki inakatika katikati ya mazungumzo ya kawaida kabisa, na nyingine inaishia patamu bila wewe kuona ilivyofika hapo. Mwandishi wa Istanbul hakupanga hivyo. Mkasi ulipita pale. Anayeihukumu kwa namna kipande kilivyoishia anamhukumu mtu wa mkasi. Tamthilia fupi za simu zimejengwa kinyume chake. Sehemu chache za mwanzo ni bure, kisha unalipia kufungua zinazofuata. Kila dakika imetengenezwa ili ushindwe kungoja. Hapo kushikwa ndiyo biashara yenyewe, na kumbukumbu haina kazi kubwa, kwa sababu anayekuuzia sehemu ya thelathini anahitaji uikumbuke ya ishirini na tisa tu.

Wanaoamini kwamba ufupi peke yake ndio dawa wangeitazama Quibi. Ilianzishwa Marekani Aprili 2020 kwa mtaji wa dola bilioni 1.75, ikiwa na vipindi visivyozidi dakika kumi vya kutazamwa kwenye simu, na waigizaji wenye majina makubwa. Desemba ya mwaka huohuo ilikuwa imefungwa. Wenyewe walilitaja janga la korona miongoni mwa sababu, na huenda kweli lilichangia. Lakini watu wale hawakuwa wameacha kutazama simu zao mwaka ule. Kama kuna mwaka ambao dunia ilikaa ndani ikitazama, ni huo.

Turudi kwenye sehemu ya kwanza, maana ndiyo inayobebeshwa mzigo wote. Kazi yake ni ngumu kuliko ya sehemu nyingine yoyote. Inatakiwa ikutambulishe watu wanane usiowajua, ikuonyeshe wanaishi wapi, nani ana fedha na nani anamwogopa nani, kisha ianzishe jambo. Mwaka 2015 Netflix ilitoa matokeo ya uchunguzi wake katika nchi 16. Ilitafuta, kwa kila tamthilia, sehemu ambayo asilimia 70 ya waliofika hapo waliendelea hadi mwisho wa msimu wa kwanza. Katika tamthilia zote zilizochunguzwa, hakuna hata moja ambayo sehemu hiyo ilikuwa ya kwanza. Breaking Bad ilikuwa ya pili, Mad Men ya sita, How I Met Your Mother ya nane. Uchunguzi huo una kasoro: Netflix ilikuwa na sababu za kibiashara za kutushawishi tuendelee kutazama, na ni wazi kwamba aliyekwisha kufika sehemu ya nane tayari alikuwa na nia. Hata hivyo unalingana na ninachokiona kwa watu. Anayeipenda tamthilia kwa dhati, ukimuuliza ilimwingia lini, hakutajii ajali ya mwanzo. Atakutajia jambo dogo lililotokea baadaye, ambalo lilirudi.

Breaking Bad inafaa kuangaliwa kwa karibu kwa sababu ilianza kwa unyonge, Januari 2008, ikiwa na watazamaji wapatao milioni 1.4 nchini Marekani, na sehemu yake ya mwisho, Septemba 2013, ikatazamwa na zaidi ya milioni kumi. Ukitazama ya kwanza peke yake unaona mwalimu wa kemia mwenye saratani ya mapafu anayeingia kwenye dawa za kulevya, kuna bunduki, kuna gari jangwani. Vurugu za kutosha kumshika yeyote. Mimi haikunishika. Kilichonifanya niketi vizuri ni sahani ya sehemu ya tatu. Mwalimu amemfunga mtu kwenye chumba cha chini ya nyumba, kwa kufuli la baiskeli shingoni, na anatakiwa kuamua amuue au amwachie. Anampelekea mkate kwenye sahani, kikohozi kinamzidi, anaanguka, sahani inavunjika. Anazoa vipande anavitupa. Wanazungumza, wanazoeana, anaamua kumwachia. Anapokwenda jikoni kuchukua ufunguo, wasiwasi unamjia. Anavitoa vipande kwenye pipa la taka na kuvipanga mezani, kimoja kimoja, mpaka sahani inarudi kuwa duara. Kipande kimoja hakipo, kirefu, kimechongoka kama kisu. Hakuna muziki mkubwa wala anayepiga kelele. Mwandishi amekumbuka kwamba sahani iliyovunjika ina idadi ya vipande, akaniamini kwamba na mimi nitakumbuka. Hapo ndipo nilipojua tamthilia hii haitanitupa njiani.

Vince Gilligan, aliyeitengeneza hiyo, mwishoni mwa mwaka 2025 alikuja na Pluribus kwenye Apple TV, sehemu tisa kuanzia Novemba 7 hadi mkesha wa Krismasi. Malalamiko mengi juu yake yalikuwa yaleyale: inakwenda taratibu, hakuna kinachotokea. Tazama basi kinachotokea. Karibu watu wote duniani wameunganishwa wakawa akili moja yenye furaha, amebaki mwandishi wa riwaya, Carol Sturka, na wengine wachache. Katika sehemu ya pili anafoka kwa hasira, na hasira yake inawatikisa wote waliounganishwa kwa mara moja. Baadaye anaelezwa kwamba watu milioni 11 wamekufa. Tamthilia nyingi zingeitaja idadi hiyo kisha zikaendelea na mambo mengine. Hapa hasira inakuwa na gharama kuanzia hapo. Katika sehemu ya nne anamlaghai kwa dawa mwanamke aliyepewa kumhudumia ili aseme ukweli, nusura amuue, na katika ya tano watu wote wanauhama mji wa Albuquerque, wanamwacha peke yake na barabara tupu. Anayengoja ajali nyingine ataona uvivu. Anayepima kwa kumbukumbu ataona tamthilia ambayo kila kosa lina siku yake ya kulipwa.

Wala tusidhani kumbukumbu inahitaji fedha za Marekani. Mwaka 2011 TBC ilirusha tamthilia ya Kichina iliyoingizwa sauti za Kiswahili, Mao Doudou na mama wakwe zake, sehemu 36. Haikuwa na bastola, mganga wala tajiri aliyepoteza fahamu. Ilikuwa na mke kijana, mume, na mama wakwe, kwa sababu wazazi wa mume walikuwa wameachana na baba ameoa tena. Rais Xi Jinping alipokuja Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja kwenye hotuba yake, akisema imewapa Watanzania nafasi ya kuonja maisha ya kawaida ya Wachina. Siasa yake tuiache. Nyumba nyingi ziliifuata kwa sababu neno alilolisema mama mkwe mezani leo lilikuwa bado linauma kesho. Sisi hilo tunalijua sana. Kwenye familia zetu mtu anaweza kukaa miaka kumi bila kula kwa fulani kwa ajili ya sentensi moja iliyosemwa kwenye arobaini ya marehemu. Tukiona tamthilia ambamo mtu amefumaniwa Jumatatu na Ijumaa anakula pilau na walewale waliomfumania, bila kikao wala wazee kuitwa, hatuhitaji kusomea filamu ili tujue kuna uongo.

Zipo hoja za upande wa pili, nyingine nzito. Iliyo nzito kuliko zote ni ya gharama. Bando ni fedha, kifurushi cha king'amuzi ni fedha, na jioni ya mtu aliyetoka kazini Kariakoo akafika Chanika saa mbili usiku ni fupi. Kwa nini ampe mwandishi asiyemjua saa sita za maisha yake kabla ya kujua kama zitalipa? Kwa hoja hii sina ubishi, nina marekebisho tu. Mtu mwenye muda mchache ndiye hasa anayepaswa kukwepa kupima kwa sehemu ya kwanza, kwa sababu kwa kanuni hiyo atakuwa anaonja mwanzo wa tamthilia ishirini, zote zikiwa na ajali nzuri, na hamalizi hata moja. Mahali pa kupimia panategemea urefu. Tamthilia ya sehemu sita, kama Country Queen, ya kwanza ya Kenya kutengenezwa kwa ajili ya Netflix mwaka 2022, ikifika ya tatu iko nusu ya njia. Kama kufikia hapo hakuna deni lolote lililoanza kudaiwa, iache kwa amani. Ya kila siku, ipe wiki mbili, sehemu kumi. Katika wiki ya kwanza chagua jambo moja dogo lililokugusa, siri, ahadi, jeraha, kisha katika wiki ya pili tazama kama kuna yeyote ndani ya tamthilia anayelikumbuka.

Ipo hoja ya kuunga mkono vya kwetu. Huko nyuma tulilishwa tamthilia za Amerika ya Kusini na Ufilipino mpaka tukajua majina ya mitaa ya Manila, na leo waandishi na waigizaji wetu wamepata kazi ya kudumu, watu wanalipa kodi na ada kwa kuigiza. Jambo hilo nalithamini kuliko ninavyoweza kueleza hapa. Nimewahi kusimama pembeni ya kamera saa saba usiku Mbezi, mvua ikinyesha, nikaona jinsi watu wanavyofanya kazi. Kwa hiyo mimi huvumilia mengi kwenye tamthilia ya nyumbani: sauti ikiyumba, taa ikimfanya mtu aonekane mgonjwa, pikipiki ikipita katikati ya ungamo. Hizo ni shida za fedha. Kofi moja likionyeshwa mara tatu kutoka pande tatu na ngurumo juu yake, hilo pia nalimeza. Lakini kusahau sikuvumilii, kwa sababu kukumbuka hakuhitaji kamera ya gharama. Kunahitaji daftari, na mtu anayelipwa kulisoma. Na ninapoendelea kutazama tamthilia iliyomsahau yule msichana wa chai, aliyeiagiza anaona idadi tu. Hajui kwamba nilibaki kwa huruma. Anajifunza kwamba daftari halina faida.

Hoja dhaifu kuliko zote ndiyo inayowashika watu wengi: "Nimeshafika mbali, siwezi kuiacha sasa." Husindikizwa na methali, maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Nimeisikia kutoka kwa watu makini kabisa, waliokaa na tamthilia mwaka mzima huku wakiilalamikia kila usiku. Methali hiyo inahusu maji yenye kina kinachojulikana. Mtu anaoga, anatoka, anavaa. Tamthilia ya kila siku haina mwisho uliopangwa. Huendelea maadamu kuna anayelipa, kwa hiyo "kumalizia" hakupo. Sehemu mia mbili ulizokwisha kutazama hazirudi, ubaki au uondoke. Unachoamua leo ni juu ya sehemu mia mbili zijazo peke yake, na kitu pekee unachokijua juu ya hizo ni tabia ya zilizopita. Kama zilizopita zilisahau, mwandishi hatapata kumbukumbu ghafla kwa sababu wewe umevumilia. Wanaosema hivi wakibanwa hukiri kwamba wanaendelea kwa ajili ya mazungumzo, ili kesho kazini wasikae kimya wenzao wanaposema "ya jana uliiona?" Hiyo ni sababu halali kabisa, na ingekuwa vizuri waiseme hivyo. Kukaa na watu ni jambo jema, lakini wasiitetee tamthilia kwa sifa ambazo ni za majirani zao.

Kuna pia wanaosema watangoja iishe kwanza, wasikie mwisho wake ukoje, ndipo waanze. Kwa mtu mmoja mmoja ni busara. Hakuna anayependa kuachwa kwenye mataa. Lakini tuangalie jinsi tunavyohesabiwa. Netflix imebadilisha kipimo chake mara kadhaa. Mwaka 2020 ilitangaza kwamba aliyetazama dakika mbili tu amehesabiwa kuwa amechagua kutazama. Baadaye ikahamia kwenye saa zilizotazamwa. Tangu Juni 2023 inagawanya saa hizo kwa urefu wa tamthilia yenyewe, na orodha yake ya zinazoongoza huhesabu siku 91 za mwanzo. Maana yake ni kwamba anayengoja, kwa upande wa hesabu, hayupo. Tamthilia ya 1899, iliyotengenezwa na waliotengeneza tamthilia ya Kijerumani ya Dark, ilitoka Novemba 17, 2022, ikaingia kwenye zilizotazamwa sana, na Januari 2, 2023 ikatangazwa kwamba haina msimu wa pili, mafumbo yake yote yakabaki hewani. Siku arobaini na sita. Inaaminika kwamba wengi walioianza hawakuimaliza. Aliyekuwa akingoja msimu wa pili utoke ndipo aanze wa kwanza alihesabiwa pamoja na walioichukia.

Hapa nyumbani uzito wa uamuzi huu unaongezeka. Septemba 2025 kampuni ya Kifaransa ya Canal+ ilikamilisha ununuzi wa MultiChoice, wenye DStv na chaneli za Maisha Magic. Mazungumzo yote niliyoyasikia yalihusu mpira na bei ya vifurushi. Kwangu jambo kubwa zaidi ni kwamba chaneli zinazoagiza tamthilia za Kiswahili sasa ziko chini ya ofisi ambayo haikuzizaa wala haina kumbukumbu nazo, na mmiliki mpya kokote duniani huanza kwa kukagua hesabu. Hesabu zile zitamwambia wangapi walikuwepo. Hazitamwambia nani alikuwepo kwa mazoea, nani kwa huruma, na nani kwa sababu hadithi ilimheshimu. Watengenezaji wakiendelea kuamini kwamba tatizo ni subira yetu, dawa watakayoitoa ni kuongeza ajali: sehemu fupi zaidi, makofi zaidi, mapacha waliopotea, mtu aliyezikwa kurudi akiwa na sura nyingine. Kila ajali itavuta watu wiki moja. Na kila ajali isiyokumbukwa itawafundisha watu hao kwamba hakuna haja ya kukumbuka chochote, mpaka hatimaye watamtengeneza kwa mikono yao yule mtazamaji asiye na subira wanayemlaumu leo.

Mtazamaji wa tamthilia ya kila siku, hata hivyo, ana nguvu ambayo mtazamaji wa Pluribus hana. Msimu wa kwanza wa tamthilia ile ulikuwa umekwisha kupigwa wote kabla mtazamaji yeyote hajauona. Ya kwetu bado inaandikwa wakati tunaitazama. Wanaoiandika wako Kinondoni, wako Mombasa, wanasoma yanayosemwa, na wengi wao tunawajua kwa majina. Ukiacha kimya kimya, wanachokiona ni namba iliyopungua, na namba watailaumu simu. Ukisema kwamba umeacha kwa sababu msichana wa chai hakurudi, umewapa kitu wanachoweza kukitengeneza kabla ya mwezi kwisha, hata kama mwigizaji ameondoka. Sentensi moja ingetosha: mama mwenye nyumba anafungua kabati la jikoni, anaona kanga ya yule msichana, anauliza, na bwana anakosa jibu. Sekunde ishirini, kabati moja, kanga moja.

Kwa sasa nina tamthilia mpya niliyoanza kuitazama na wenzangu nyumbani, na tuko sehemu ya tisa. Sehemu ya kwanza ilikuwa na ajali, kama zote. Kwenye ya nne mzee mlinzi wa getini alimfungulia gari mtu ambaye baadaye alisema usiku ule hakuwa mjini. Mzee aliandika namba ya gari kwenye daftari lake la wageni, akaipuliza wino ikauke, akalifunga. Hakuna aliyelitaja tena lile daftari, ingawa jana polisi waliingia kwenye nyumba ile na kumpita mzee pale getini na kiti chake, naye akawaangalia. Shangazi amekuja kututembelea, yupo mpaka mwisho wa wiki. Jana ilipoisha hakuinuka. Alibaki ameshika rimoti, akauliza kesho inaanza saa ngapi.